Sporani Juu ya Gauni la Kijani

"Yule msichana," Mama alisema, akiweka uma wake chini taratibu kama hakimu anayevua miwani, "amemvaa babu yake Struan kiunoni."

Nilikuwa na kiazi cha moto mdomoni. Kilishuka bila kutafunwa.

"Yupi?"

"Usigeuke mzima. Geuza macho tu. Mwenye kijani."

Hapo Mama alikuwa ameshamhukumu, maana kwetu Sutherland mtu mwenye akili zake havai kijani harusini. Ni rangi ya wale viumbe wadogo wa milimani, wasio binadamu, ambao hatuwataji kwa jina, na ukiivaa mbele ya bibi harusi ni kama umekuja na mkosi na kumwombea kiti. Huyu alivaa kijani kibichi kutoka mabegani hadi magotini, kisha kiunoni, palipostahili ribeni ya hariri, akafunga sporani. Kile kimkoba cha ngozi na manyoya ambacho wanaume wetu hukining'iniza mbele, kwa sababu kilti, ile sketi yao ya mikunjo, haikujaliwa mfuko. Yeye alikining'iniza pembeni, juu ya nyonga, kama mtu anayekwenda kununua vitunguu. Kila alipocheka, kilimpiga paja.

"Watu siku hizi wanavaa sporani na chochote, Mama."

"Najua. Ndiyo maana nimeacha kutazama barabarani. Lakini hiyo si sporani ya watu. Angalia kifuniko."

Niliangalia. Ngozi ya sili, kijivu kilichoiva kwa miaka. Kifuniko cha fedha. Na juu ya kifuniko, kulungu dume amenyanyua kichwa, mwenye pembe moja.

Sikuwahi kuishika, lakini nilikuwa nimeitazama pichani, ukutani kwa kina Struan, mpaka naijua kuliko ninavyowajua binamu zangu. Mzee Hector Gunn, kiongozi wa wapiga zumari, mashavu yamejaa upepo na kulungu wake tumboni. Pembe ya pili ilivunjika siku ya harusi yake, alipoteleza kwenye ngazi za kanisa. Alikataa kuichomelea. Alisema kulungu aliyekwisha kuoa hana tena wa kupigana naye. Mama alimjua mzee huyo vizuri; alipokuwa mtoto akicheza ngoma ya panga kwenye michezo ya kiangazi, ni Hector aliyempigia.

"Hebu nikumbushe," Mama alisema. "Struan alikwambia iko wapi?"

"Inverness. Kwa fundi. Inabadilishwa bitana."

"Basi imetoroka."

Mama mdogo Netta, aliyekuwa akijifanya anapaka siagi, aliacha kujifanya. "Labda ni pacha wake," alisema.

"Netta, kula."

Wewe unayesoma hii ukiwa umejilaza, elewa nilikuwa nimekalia nini pale mezani. Kesho yake, Jumapili, Struan Gunn alikuwa aje kwetu kula chakula cha mchana, na mbele ya nyama ya kondoo aseme kwa mdomo wake kwamba anataka kunioa. Mimi nilikwisha kumwambia ndiyo tangu mwezi wa tano, ufukweni, upepo ukitupiga hadi meno yanauma. Lakini ndiyo yangu ilikuwa kama unga bila maji mpaka Mama aisikie mezani, na Mama alikuwa amempa sharti moja. Aje amevaa kamili. Kilti, koti, soksi, pini, na sporani ya babu yake. Bila kuchanganya.

Sharti lilikuwa na historia yake. Sisi tuna duka la kukodisha kilti hapa Golspie, na dini ya Mama baada ya kanisa ni hii: kilti, sporani, pini, ribeni za soksi na kile kisu kidogo cha soksini ni ndugu wa tumbo moja, ukimwalika mmoja, waalike wote. Sasa Struan ni fundi wa ngozi, anashona hatamu za farasi na mikanda ya mbwa, na siku ya kwanza aliyoingia dukani alikuwa amevaa suruali ya jinzi, sporani ya ngozi ya ndama juu ya hiyo jinzi, pini ya kilti kifuani kwenye jaketi, na ribeni nyekundu za soksi amezifunga kwenye buti. Mama alimtazama kutoka juu hadi chini, kisha akarudi juu.

"Kijana," alimuuliza, "kilti yako imeibiwa?"

Mimi nilicheka hadi nikaangusha boksi la vifungo. Yeye akainama kuokota, akaniangalia kutoka chini, na mambo yakaanza. Lakini Mama alikuwa amekwisha kusema neno lake, na alilirudia kila jina la Struan lilipotajwa: mwanamume anayechanganya vazi, atachanganya na wanawake.

Sasa mwanamke alikuwa pale. Amechanganywa na kijani.

"Nakwenda kuchukua kinywaji," nilisema.

"Nenda," Mama alijibu. "Na uangalie mkanda. Umeshuka mno, toka kwenye supu unaniuma macho."

*

Alikuwa amesimama kwenye meza ya vinywaji, akivua barafu kwa kijiko. Kwa karibu alikuwa mzuri wa kuudhi: nywele nyeusi fupi, madoa ya jua puani, na kicheko kinachoanza kabla mzaha haujaisha.

"Nisogezee glasi hiyo, mwenzangu," alisema. "Wewe ni wa upande gani? Bwana au bibi?"

"Bibi. Rhona nilisoma naye."

"Mimi ni binamu wa bwana. Kirsteen. Nimetoka Thurso kwa basi, na bado masikio yanavuma."

Kirsteen. Jina hilo Struan alikuwa amelitaja mara moja tu, haraka, kama mtu anayepita mbele ya mbwa aliyelala. Yule wa kabla yangu.

"Mkoba wako umenivutia," nilisema.

"Kila mtu ananiuliza. Kuna mama mmoja pale ananitazama kama nimemwibia mume."

"Huyo ni mama yangu. Hata mkate anautazama hivyo."

Alicheka. Sikutaka kumpenda, na nilijitahidi.

"Ulinunua wapi?"

"Hii hainunuliwi. Nilipewa."

"Na mwanamume?"

"Sasa nani mwingine ana sporani? Na mwanamume, ndiyo, zamani kidogo. Alikuwa hajui kusema kwaheri, basi akaisema kwa ngozi." Alipiga kifuniko kwa ukucha. "Lakini inabeba vitu. Simu, funguo, rangi ya mdomo. Mikono inabaki mitupu. Wanaume walituficha siri hii miaka yote."

Nami nikafanya nilichotumwa. Niliangalia mkanda.

Ulikuwa na matundu ya zamani, meusi, kingo zake zimelainika kwa kiuno cha Mzee Hector. Halafu, mbali nayo, tundu moja jipya. Ukingo wake ulikuwa mweupe kama mkate uliokatwa sasa hivi. Na tundu hilo lilikuwa na kamkia.

Ngozi yote inayotobolewa na Struan ina kamkia. Anatumia msharasi wa babu yake, ambao ncha yake imepinda, na anakataa kununua mwingine. Mkanda niliokuwa nimeuvaa mimi mwenyewe, juu ya gauni langu la bluu, zawadi yake ya mwaka mpya, ulikuwa na kamkia hako hako. Siku aliponitobolea alipiga goti, akanizungushia mikono kiunoni akipima kwa kidole gumba, na nikaacha kupumua ili asikosee. Alinikosea kwa kuchelewa kutoa mkono, na sikulalamika.

Zamani kidogo, alisema Kirsteen. Tundu lilisema juzi.

"Umenyamaza," Kirsteen aliniambia. "Nimesema vibaya?"

"Hapana. Barafu imenipanda kichwani."

*

Struan, aliyefika ukumbini amechelewa, alinikuta karibu na dirisha. Kiangazi kwetu jua halijui kwenda kulala; ilikuwa jioni tayari na bado lilikuwa limesimama juu ya milima likitazama harusi ya watu. Alikuja na sahani mkononi, amevaa kilti ya ukoo wake, imepigwa pasi, na mbele yake sporani ya kawaida ya kukodi kutoka duka letu. Mgongo wake ulikuwa kwa Kirsteen.

"Nimekuwekea biskuti za siagi," alisema. "Netta alikuwa anazimaliza."

Struan ana macho ya mtu aliyeamka sasa hivi akafurahi kukukuta. Siku nyingine yananitosha. Siku hiyo niliyatazama kama ninavyotazama kilti iliyorudishwa dukani: doa liko wapi?

"Umependeza," nilisema. "Ila hiyo sporani ya kukodi inakuzeesha. Ya babu imefikia wapi?"

"Ah. Fundi anasema kesho asubuhi."

"Kesho Jumapili."

"Atanifungulia mimi tu."

"Mtu mwema. Anaitwa nani?"

Alitafuna biskuti muda mrefu kuliko biskuti ilivyostahili. "Mac."

"Mac nani?"

"Mac tu. Watu wa Inverness hawana maneno mengi."

"Struan, nusu ya nchi hii inaitwa Mac."

"Basi unaona ilivyo rahisi kumpata," alisema, akatabasamu. Na tabasamu lilikuwa bado mdomoni mwake alipogeuka kuweka sahani, akamwona.

Masikio yake yalianza kuiva. Kwanza ncha, kisha yote. Alinitazama, akatazama kulungu mwenye pembe moja ng'ambo ya ukumbi, akanitazama tena, na nikamwona akihesabu nini ninajua na nini sijui. Hicho ndicho kilichoniumiza. Si sporani. Ni kule kuhesabu.

"Ishbel," alianza.

Mpiga kodiani, kile kinanda cha kukunja na kukunjua, alimkatiza. Alipanda juu ya kiti na kutangaza ngoma ya watatu watatu, kila mwanamume na wanawake wawili au kinyume chake, na asiyejua atafundishwa kwa kusukumwa. Watu waliburuta viti. Ukumbi mzima ukawa unatafuta wa tatu.

Ibilisi aliyenishika nilimjua na sikumfukuza. Nilimkamata Struan mkono wa kushoto, nikamwita kwa sauti ya kirafiki kabisa:

"Kirsteen, njoo. Tumepungukiwa mmoja."

Alikuja akipangusa mikono kwenye gauni. Kisha akaona mkono nilioushika ni wa nani.

"Oh," alisema.

"Mnajuana?" nikauliza.

"Kidogo," alisema Struan.

"Kidogo?" alisema Kirsteen.

Ngoma hii, kama umewahi kuingizwa ndani yake, hujaisahau. Watatu wanasimama wameshikana mikono, wanatazamana na watatu wengine, na ukumbi wote unajaa hivyo. Mnazunguka sita pamoja, mnarudi. Halafu wa katikati anamgeukia wa kulia kwanza, wanarukaruka, wanazungushana. Kisha wa kushoto. Kisha wote watatu mnapishana kama uzi unaoshona. Mwisho mnapiga miguu, mnapiga makofi, mnawapita wale wa mbele na kukutana na wapya. Nilimweka Struan katikati na Kirsteen kulia kwake. Nilitaka amgeukie yeye kwanza nikiwa nimesimama pale pale, nione mikono yake. Mdomo wa Struan nilikuwa nimeshausikia.

Alimgeukia. Alimshika kwa ncha za vidole, kama mtu anayerudisha sahani ya jirani. Akamzungusha. Kulungu akapaa, akatua, akampiga paja. Kisha alinigeukia mimi, akanishika viwiko kama mtu anayeshika ukingo wa daraja.

"Naweza kueleza," alisema.

"Zungusha," nilimwambia.

Tulipoanza kupishana, mimi na Kirsteen tulikutana bega kwa bega.

"Wewe ndiye Ishbel wa dukani," alisema.

"Ndiye."

"Hukuniambia kwenye barafu."

"Na wewe hukuniambia zamani kidogo ni lini."

Tukaachana, tukamzunguka Struan, tukakutana tena.

"Mwezi uliopita alikuja Thurso kuiomba," Kirsteen alisema, akihema. "Akasema anaitaka kwa maonyesho ya bendi ya zumari."

"Maonyesho gani? Mimi niliambiwa iko kwa fundi Inverness."

"Fundi gani?"

"Mac."

"Mac nani?"

Tulitazamana juu ya bega la Struan. Kwa mara ya kwanza jioni ile nilihisi nina mwenzangu mle ukumbini, na alikuwa amevaa kijani.

Tukapiga miguu. Tukapiga makofi. Tukapita chini ya mikono ya wale wa mbele, na Mungu, ambaye naye hupenda kucheka, akatukutanisha na watatu waliofuata: Mzee Murdo, ambaye hasikii vizuri na anashukuru kwa hilo, kushoto kwake Mama mdogo Netta, na kulia kwake, mgongo wima kama mlingoti, Mama.

"Jioni njema, Struan," Mama alisema.

"Jioni njema, Bi Geddes."

Tukazunguka sita. Mama hakuondoa macho kwenye mkanda. Tukarudi. Ilipofika wakati wa Struan kumgeukia wa kulia, hakugeuka. Alisimama. Na ngoma hii mtu akisimama, ni kama ng'ombe amelala barabarani; waliokuwa wakija nyuma walitugonga, waliokuwa nyuma yao wakawagonga wao, na kodiani ikaendelea peke yake kwa furaha.

"Bi Geddes," alisema Struan, "sporani ya babu haiko Inverness."

"Naiona."

"Haikuwahi kwenda Inverness. Hakuna Mac." Masikio yake yalikuwa yanaweza kuwasha tumbaku. "Nilimpa Kirsteen miaka miwili iliyopita, tulipoachana. Alikuwa analia jikoni kwangu, nikatafuta kitu cha thamani cha kumpa, na cha thamani nilikuwa na hicho tu. Kesho yake nilijuta. Ulipomwambia Ishbel nije nayo, niliona haya kusema. Nikaenda kuiomba. Akakataa, akasema zawadi hairudi, ila nimtobolee mkanda kwa vile ulikuwa unampwaya. Nikatoboa."

"Ukatoboa," Mama alisema.

"Sikujua nisemeje hapana."

Nilikuwa nimejiahidi kunyamaza hadi tufike nyumbani. Ahadi nyingine hazina urefu.

"Kwake hukujua kusema hapana," nilisema. "Kwangu hukujua kusema kweli. Bendi ya zumari ukaisingizia maonyesho. Sasa wewe unajua nini, Struan?"

"Kutoboa," alisema Kirsteen.

Netta alikohoa ndani ya leso. Struan hakucheka, na nilimshukuru kwa hilo, kwa sababu nami nilikaribia kucheka na sikuwa tayari. Kulikuwa na swali moja limenikaa kooni tangu kwenye meza ya vinywaji, na lilikuwa dogo na la aibu.

"Ulimpimaje?" nikamuuliza.

"Nini?"

"Kiuno. Huwezi kutoboa bila kupima. Mimi ulinipima. Unakumbuka ulivyonipima."

Alikumbuka. Alinitazama kwa namna ambayo Netta aliangalia pembeni.

"Sikumpima," alisema. "Nilikisia."

"Nilikuwa naosha vyombo," alisema Kirsteen. "Mkanda ulikuwa mezani. Hata sikugeuka, nilikuwa nimemkasirikia."

Ungeamini? Mimi sikuamini. Ndivyo uongo unavyofanya, mwenzangu. Unaila hadi kweli inayokuja nyuma yake. Nilimtazama yeye, nikamtazama huyu, wazuri wote wawili, wekundu wote wawili, na nikawaona jikoni Thurso, goti chini, kidole gumba. Machozi yalinikaribia, na nilikuwa nimepaka wanja.

Hapo Mama alisogea. Aliinama mbele ya Kirsteen bila kuomba ruhusa, kama anavyowainamia wateja, akaweka vidole vyake bapa kati ya mkanda na pale kiuno kilipokaa hasa. Akavuta. Mkanda ulicheza kama kola ya mbwa aliyekonda.

"Nyooka," alimwambia. Kirsteen akanyooka.

"Nimesema tangu supu kwamba imeshuka," Mama alisema, bado ameinama. "Nikadhani ni uzembe wa mvaaji. Si yeye. Tundu liko mahali pasipo pake kabisa." Aliinuka, akakung'uta magoti. "Ishbel, wewe umeshika futi ya kupimia tangu hujaota meno ya mbele. Huyu kijana ni fundi. Wako alikutobolea sawasawa hadi leo haujasogea. Fundi aliyekishika kiuno hiki kwa mkono wake hawezi kukosea hivi. Huyu alikisia. Tena alikisia vibaya, kwa haraka, akitaka kuondoka."

Mzee Murdo aliuliza kama ngoma imekwisha, na Netta akamwambia bado.

Nilitazama mkanda ule ulivyolegea kwenye nyonga ya kijani. Nilikuwa nimeuona tangu mwanzo ukining'inia hivyo. Mimi, binti wa duka, niliona kamkia ka tundu nikakaamini, nikasahau kuangalia tundu lenyewe limekaa wapi.

"Usifurahi, Struan," Mama aliendelea. "Mkono wako nimeuachia. Mdomo bado ninao."

"Ndiyo, Bi Geddes."

Kirsteen alikuwa ameshaanza kufungua bizimu ya mkanda. Alitoa simu, akatoa funguo, akatoa rangi ya mdomo na peremende iliyoumwa nusu, akamkabidhi Netta vyote, na Netta akavipokea kama zawadi za Krismasi. Kisha akaishika sporani mikononi. Struan akanyoosha mkono.

"Si wewe," alimwambia. "Wewe utaipeleka Inverness." Akanipa mimi. "Na usijivune, Struan Gunn. Sikuwa naivaa kwa ajili yako. Naivaa kwa sababu ina nafasi. Ungeniambia unaoa, ningekupa siku ile ile, na ningekuosha na vyombo."

"Asante," nilimwambia.

"Nitafutie mkoba mwingine hapo dukani kwenu. Wenye kulungu mzima."

Akaenda zake kwenye meza ya vinywaji, gauni lake likiwa halina kitu kiunoni, la kijani kuliko wakati wote, na nikaona wavulana wawili wa Brora wakimpisha na kumfuata.

Nikabaki nimeshika ngozi ya sili. Ilikuwa na joto la mtu mwingine. Ukumbi ulikuwa unanitazama, mama yangu alikuwa ananitazama, na Struan alikuwa amesimama na sporani yake ya kukodi kama mtu aliyefika msibani na nguo za mazoezi. Nilifungua mkanda wangu wa mwaka mpya, nikamrushia. Kisha nikazungusha mkanda wa Mzee Hector kiunoni mwangu, juu ya gauni la bluu, hariri na ribeni na yote.

Hakuna tundu lililonitosha. La Kirsteen lilinipwaya, ya mzee zaidi. Ilibidi niishike kwa mkono isianguke.

Mama alinitazama muda mrefu. Gauni. Sporani. Gauni. Nilimwona akimeza dini yake yote ya miaka, na haikushuka kirahisi.

"Sogea hapa," alisema.

Akatoa pini kubwa kwenye upindo wa sketi yake, pini ya kilti, ya fedha, ambayo sikuwahi kumwona akiitumia kwa kitu kingine chochote. Akaupinda mkanda wa Mzee Hector nyuma ya mgongo wangu, akauchoma pini, akavuta, kisha akaja mbele, akapima kwa upana wa kiganja kutoka kiunoni hadi kwenye kulungu, akasogeza kidogo.

"Kama ni kunitia aibu," alisema, "nitie aibu kwa kipimo."

Kisha akamgeukia Struan. "Kesho baada ya kanisa. Nyama haisubiri. Njoo na huo msharasi."

"Ndiyo, Bi Geddes. Na nivae...?"

"Utavaa kweli. Mengine nitakukodisha."

Akamshika Mzee Murdo, akamshika Netta, na watatu wao wakatupita kama meli, kwa sababu kodiani bado ilikuwa inalia na watu wa nyuma walikuwa wamechoka kusubiri.

Tulibaki wawili katika ngoma ya watatu. Struan alinyoosha mkono polepole kuelekea kulungu wa babu yake, labda kumgusa tu, labda kumchukua. Nikarudi nyuma hatua moja.

"Huyu analala kwetu," nilimwambia.

"Ishbel. Kweli, hakuna kingine."

"Labda. Nitakuuliza tena kesho, na keshokutwa, na siku utakaponiambia umekwenda Inverness nitataka jina la mtu na jina la baba yake."

"Nitakupa."

"Ukija kesho, nitasimama unipime, polepole, Mama akiwa chumba cha pili mlango wazi. Usipokuja, nimepata mkoba."

Alicheka, hatimaye, lakini kwa macho ya mtu anayejua hajasamehewa bado. Mama mdogo Netta alirudi mbio kushika nafasi ya tatu, funguo za Kirsteen zikilia mfukoni mwake, na bila kuuliza akasimama kulia kwa Struan.

"Hapana, Mama mdogo," nilisema, nikamhamishia kushoto. "Kulia ni mimi. Nataka nione akinigeukia kwanza."

Akanigeukia. Nami nikaitazama mikono yake njia nzima.